Hatua Mia za Mwenye Kilima

Watu wa upande ule wa Nyakarenzo wakiniambia shamba lao lina upana wa hatua arobaini, mimi huwa nauliza: hatua za kabla ya kuanguka, au za baada? Wananicheka. Wacheke tu. Mimi ndiye niliyekuwa namshonea suruali yule mzee, najua ninachouliza.

Jina lake sitalitaja. Watoto wake bado wananiletea nguo, na fundi mwenye akili haanzishi vita na wateja. Sisi sote tulimwita Mwenye Kilima, na kilima kilikuwa chake kweli, toka barabara ya juu mpaka kijito cha chini, pamoja na migomba, kahawa, na mikaratusi iliyokuwa mpakani. Alizaliwa lini, na baba yake alikipataje kilima chenyewe, hayo muulize mtu mwingine, maana mzee kila mwaka alikuwa na hadithi mpya.

Hapa Kamembe, kwenye duka langu, alikuwa anashuka kila siku ya soko. Akifika dukani kwangu hapigi hodi, haulizi habari. Anasimama mlangoni, anagonga fimbo chini mara moja, anasema kwa sauti ya kuamsha mtaa:

"Mia tatu na kumi na mbili!"

Hizo ni hatua kutoka gare, stendi ya mabasi, mpaka mlango wangu. Mara ya kwanza nilidhani ananitajia namba ya simu, nikasubiri amalizie. Baadaye nikazoea, nikawa najibu "Karibu Mzee", anakaa kwenye kiti cha wateja, anaipima kwa macho nguo iliyo chini ya sindano, kisha anauliza swali lake la kila juma: "Fundi, hii juma batu banakufa ao banazaa?" Alitaka kujua kama ninashona nguo za msiba au za ubatizo. Kwa jibu langu alikuwa anapanga juma lake, kwa sababu hakuna msiba wala sherehe iliyoanza kilimani bila yeye kusema maneno ya kwanza. Ya mwisho pia alikuwa anayasema yeye. Na ya katikati.

Alikuwa anahesabu kila mahali. Kanisani, kutoka mlangoni mpaka kwa padri. Hospitalini, kutoka kitanda cha mgonjwa mpaka chooni, na anamwambia mgonjwa idadi ile kama zawadi aliyomletea. Ndiyo maana alichukia moto, hizi pikipiki za abiria. Siku moja mvua ilikaribia, mkewe akamlazimisha apande. Walipofika katikati ya njia akampiga dereva begani: "Simama! Simama nakuambia!" Dereva akafunga breki, akadhani mzee ameangusha kitu. Mzee akashuka, akasema, "Weye unakimbia, mi nimepoteza hesabu," akaanza kurudi nyuma kwa miguu. Mvua ikamkuta pale pale. Alifika kwangu maji yanachuruzika hadi kwenye masikio, na bado akanitajia namba.

Sasa, kuhesabu kwake hakukuwa mchezo wa mzee asiye na kazi. Kilima kizima kilipimwa kwa miguu ile. Ndugu wawili wakigombana juu ya mpaka, wanamwita. Mjane akitaka kujua shamba lake linaishia wapi, anamwita. Alikuwa katika wale wapatanishi wa kata, na mkutano ukikaa, yeye hakai. Anavua viatu, anavikabidhi kwa mtu anayemwamini, anaanza kutembea toka mpaka hadi mpaka, mdomo unachezacheza, watu wote nyuma yake kimya. Akifika mwisho anachomoa mfukoni kijiti cha muyenzi, ule mti wenye maziwa meupe ambao kwetu ndio mpaka, anakichoma ardhini, anasema: "Mia ni mia." Kesi imekwisha. Kama ofisi ya ardhi ilikuwa na mashine zake, ilikuwa nazo huko mjini. Huku watu walikuwa wanasema, "Nilinunua hatua ishirini za Mwenye Kilima," na hakuna aliyeuliza ni metre ngapi.

Vile vijiti vya muyenzi ndivyo vilivyonizeesha mimi. Koti lake lilikuwa lazima liwe na mifuko mitano: wa kitambaa, wa rozari, wa miwani, wa karanga, na mmoja mrefu, ndani, wa vijiti. Maziwa ya muyenzi yakigusa kitambaa, hakuna sabuni. Kila Krismasi ananiletea koti lenye doa jipya, anasema, "Fundi, hii kitambaa ulinipa mubaya." Kitambaa kibaya! Kitambaa kilichotoka Bukavu, nimekichagua mwenyewe dukani kwa mkono wangu! Nilimwambia achukue mfuko wa plastiki. Akaniangalia kwa huruma, akasema plastiki imekatazwa na serikali, je, nataka afungwe?

Mimi ni Mwislamu, yeye Mkatoliki wa kuimba hadi mishipa inasimama shingoni. Lakini kila Noeli alinitumia ujumbe nipande kwake asubuhi na kisu changu, nichinje mimi, ili na mimi nile. "Mbuzi ya Fundi", ndivyo walivyomwita. Kama sikwenda, hawali nyama mpaka nifike, na mara moja nilichelewa nikakuta ukoo mzima umekaa ukumbini umenuna, unaniangalia. Huyo ndiye mzee aliyekuwa anaweza kukunyima hatua moja ya ardhi mpaka kiyama, halafu akupe gunia la parachichi na akubebee mwenyewe mpaka barabarani.

Nyumbani serikali ilikuwa Maman, mkewe. Mwanamke mfupi, mpole, sauti ndogo. Mzee akiunguruma huko barazani juu ya utii na heshima, Maman anatokea mlangoni na ndoo, anasema, "Papa, radio ile inasumbua nguruwe." Mzee anazima radio. Hatujawahi kujua nguruwe wanasumbuliwaje na radio. Kila mtu alielewa kwamba aliyeombwa kunyamaza hakuwa radio.

Walikuwa na watoto wa kiume watatu na binti mmoja wa mwisho. Wavulana, kila mmoja alipooa, alipata ukanda wake wa kilima. Urefu ni mmoja kwa wote, kutoka barabara mpaka kijito. Kinachopimwa ni upana. Hatua mia kwa kila mtu. Mkubwa wao, Gaspari, alipata mia. Wa pili mia. Wa tatu mia. Mzee alitembea mwenyewe mara zote tatu, na mimi nilikuwepo, maana kila harusi ilikuwa na kostimu yake, suti niliyoishona mimi. Gaspari ni mrefu, miguu ya baba yake kabisa. Nasema hivyo kama fundi: nikimpima ndani ya mguu, ni namba ile ile iliyokuwa kwenye kitabu changu cha vipimo upande wa baba yake, zamani.

Binti anaitwa Vestina. Yeye hakupata kitu. Anauza vitenge, anavuka daraja la Rusizi II kwenda Bukavu asubuhi na kurudi jioni, anatoa kichwani kila rangi na kila bei, na ndiye aliyekuwa ananiletea vitambaa. Alikuwa na mume, wakaachana, akarudi na mtoto wake kukaa katika chumba cha nyuma kwa wazazi wake. Alikuwa anataka kujenga nyumba yake. Vyumba viwili na baraza ya kuwekea mashine ya kushonea, alinichorea kwa chaki yangu juu ya meza yangu.

Na kitu cha kuchekesha, kama unaweza kukicheka, ni kwamba mzee huyu huyu ndiye aliyekuwa anatetea mabinti wa watu. Kuna mkutano mmoja siwezi kuusahau. Wanaume wa familia moja walikataa kumpa dada yao shamba. Mwenye Kilima akasimama, fimbo juu:

"Mutoto mwanamuke naye ni mutoto! Sheria inasema! Mungu anasema! Na mimi, mi nasema!"

Watu wakapiga makofi. Na nyuma kabisa, Maman, ambaye alikuwa amekuja na mkeka wake, akakohoa. Kikohozi kimoja tu, kikavu. Mzee akakaa chini kama amevutwa na kamba. Kuanzia siku ile Maman alikuwa anakohoa kila mara shamba likitajwa pale nyumbani, mpaka majirani wakaanza kumletea asali.

Lakini kabla kikohozi hakijafanya kazi, mzee alianguka.

Unajua harusi zetu, familia ya kijana inakuja kuomba mchumba, na kila upande una msemaji wake, na wasemaji wanashindana kwa maneno kabla binti hajaonekana. Mwenye Kilima alikuwa msemaji mkali kuliko wote. Siku aliyoanguka alikuwa anasemea upande wa kijana, na msemaji wa upande wa pili alimtania, akasema, "Nyinyi mumetoka mbali sana, hamuwezi kufika kwa huyu binti." Mzee akasema, "Mbali? Ntakupimia." Akasimama kati ya mahema mawili, akaanza kuhesabu, na kwa mbwembwe akageuka, akawa anatembea kinyumenyume ili wageni wamwone uso. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Hatua ya kumi na nne ilikuwa ndani ya mtaro waliochimba kwa ajili ya mvua.

Nyonga ikavunjika. Binti wa watu akaolewa bila hotuba ya mwisho, jambo ambalo wengine walilishukuru kimya kimya. Mzee alilala muda mrefu, na aliposimama tena mguu wa kushoto ulikuwa umepungua.

Najua ulivyopungua kwa sababu alikuja nimshonee suruali. Nikavuta metre yangu, ule utepe wa kupimia, toka kiunoni hadi kifundo. Kulia sawa. Kushoto, vidole vitatu pungufu. Nikapima tena. Mzee akainama akaangalia utepe, akainuka.

"Fundi, metre yako imerefuka."

"Mzee, metre hairefuki."

"Imerefuka. Jua imeivuta. Nunua ingine."

Nikakunja utepe. Jioni ile Maman akanipigia simu. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, "Fundi, mwanangu, kata kidogo ule muguu. Usimwambie. Anaona haya." Na mimi nikakata. Kila suruali, kila mwaka, nilikuwa nafupisha mguu wa kushoto vidole vitatu, pindo nalishona vizuri lisionekane, na mzee akivaa miguu yote miwili inagusa kiatu sawasawa. Anajiangalia kwenye kioo changu, anasema, "Unaona? Ulinunua metre mupya." Nasema, "Ndiyo Mzee." Miaka minane. Nilijiona mtu mwema sana, wallahi. Nilikuwa nasimulia habari ile kwa mafundi wenzangu na tunacheka vizuri.

Na bado alikuwa anafika mlangoni, sasa anachechemea, fimbo inafanya kazi kweli, na anasema: "Mia tatu na kumi na mbili!"

Mimi sikufikiri. Nilikuwa nasikia namba ile kama unavyosikia adhana ya msikiti wa jirani, unajua tu ni saa ngapi.

Basi kikohozi cha Maman kikashinda. Siku moja baada ya misa mzee akatangaza kwamba Vestina naye atapata ukanda wake, upande wa mikaratusi, hatua mia kama kaka zake. Kijiji kizima kilikuja kuona. Mzee akavua viatu, akaweka mgongo kwenye mikaratusi, akatembea, mdomo unacheza. Alipofika mia akachoma muyenzi. "Mia ni mia!" Makofi. Vestina akamkumbatia baba yake, akalia.

Kisha makofi yakaisha, watu wakatawanyika, na Vestina akabaki anaangalia. Yeye ni mtu wa vitambaa. Ukimwekea yadi tano zilizo pungufu anaona kwa jicho tu. Akaenda kwenye ukanda wa Gaspari, akavuta kamba toka mpaka hadi mpaka, akarudi na kamba ile kwenye ukanda wake. Kamba ikapita muyenzi wa baba, ikaendelea, ikaendelea, ikafika kwenye choo kipya cha Gaspari. Kilikuwa choo cha heshima, mlango wa bati, kimepakwa rangi ya kijani. Kipande kile kati ya muyenzi na choo kilikuwa cha mzee, lakini Gaspari alikuwa anakilima "kwa muda", na sasa, kwa kuwa dada ameshapewa mia yake, muda ulikuwa umekuwa wa milele. Robo ya shamba la Vestina, tena ile robo tambarare ambapo nyumba ingekaa. Pale alipoachiwa ni mteremko wa kuteleza mbuzi.

Alimwendea baba yake na kamba mkononi. Mzee hakuitazama kamba.

"Unasema Papa yako ni mwizi?"

"Hapana, Papa. Nasema tupime tena."

"Nilipima. Mia kwa Gaspari, mia kwa weye. Unataka mia na ngapi? Kuko mutoto mwenye kuwa na mia kubwa?"

Gaspari, aliyekuwa karibu, akasema kwa unyenyekevu wa kutisha, "Papa amepima. Nani atashindana na Papa?" Huyo Gaspari hajawahi kumheshimu baba yake kwa kiasi kile tangu nimfahamu.

Vestina akashuka kwangu Kamembe. Hakuleta kitambaa. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, akanieleza yote, akasema juma lijalo mtu wa ofisi ya ardhi atapanda kilimani kuandika mipaka, na ataandika atakachokikuta. Muyenzi ukisimama pale, basi umesimama. "Fundi," akasema, "Papa hadanganyi. Njo kitu inanichanganya. Alihesabu mia, nilikuwa nasikia. Sasa shamba imekwenda wapi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya suruali. Ya nani? Ya mzee. Alikuwa ameagiza kostimu ya kuvaa siku ile ya mtu wa ofisi, na mimi dakika kumi kabla nilikuwa nimeshakunja mguu wa kushoto vidole vitatu, pini zimo. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Miaka minane nilimsaidia yule mzee asijue kwamba hatua yake imekuwa fupi, na sasa binti yake ndiye anayelipa wema wangu. Nilimwambia Vestina, "Niachie mimi." Alipoondoka niliomba dua ya mtu anayeenda kuchinja simba.

Alikuja siku ya soko. Fimbo, halafu: "Mia tatu na kumi na mbili!"

"Karibu Mzee. Kaa."

"Kostimu yangu iko wapi?"

Niliitandaza suruali juu ya meza, miguu miwili pamoja, kiuno kwa kiuno. Nikatoa pini. Nikaufungua mguu wa kushoto mbele ya macho yake, ukashuka, miguu ikawa sawa.

"Mzee, hivi ndivyo suruali inavyokatwa. Na hivi," nikakunja, "ndivyo ninavyokuvalisha. Miaka minane. Metre sikununua mpya. Ni ile ile. Mguu wako wa zamani sasa anao Gaspari, kitabu changu cha vipimo kinasema."

Aliangalia pindo. Alilishika, akaligeuza, kama fundi mwenzangu anayetafuta kosa.

"Nani alikutuma?"

Nikamwambia hakuna, kwa sababu mimi bado napenda kula Noeli kwa Maman.

"Batu banajua?"

"Wenye macho, Mzee."

Akasimama. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. "Weye unashona. Shamba haishonwi." Ndiyo hayo tu. Nikasema, "Mzee, leo kutoka gare ni ngapi?" Akasema, "Mia tatu na kumi na mbili." Nikasema, "Twende tuhesabu pamoja, mimi na wewe, kwa sauti." Akachukua suruali vile vile bila pindo, akaikunja kwapani, akatoka. Nilisimama mlangoni nikamwangalia anavyoshuka kuelekea gare. Alipogeuka kuvuka barabara niliona mdomo wake hauchezi. Kwa muda wote niliomfahamu, ile ilikuwa mara ya kwanza namwona anatembea bila kuhesabu, na nikajisemea, haya, umeshamvunja mzee wa watu, hongera.

Siku ya mtu wa ofisi nilifunga duka nikapanda kilimani. Watu walikuwa wengi, maana hapa kwetu mpaka ukipimwa hakuna anayebaki na kazi. Mtu wa ofisi alikuwa kijana mwenye kifaa chake begani. Vestina alisimama karibu na mikaratusi, mikono kifuani. Gaspari alikuwa amesimama karibu na choo.

Mzee akatoka nyumbani. Alikuwa amevaa ile kostimu. Mguu wa kulia wa suruali ulikaa sawa juu ya kiatu. Wa kushoto ulikuwa unaburuza chini, vidole vitatu vya kitambaa kizuri vinafagia vumbi na mavi ya mbuzi, na hakujaribu hata kuuinua. Alitembea hivyo mbele ya kijiji kizima, polepole, kutoka mlangoni mpaka kwenye mikaratusi. Roho iliniuma, na ile suruali iliniuma pia, sikatai.

Akainama, akang'oa muyenzi alioupanda mwenyewe. Maziwa yakamchuruzika hadi kwenye mkono wa koti.

"Gaspari! Kuya hapa."

Gaspari akaja.

"Toa viatu."

"Papa, mimi?"

"Weye unavaa muguu yangu. Ya zamani. Fundi ananiambia." Hapo watu wote wakaniangalia mimi, nami nikaangalia mawingu. "Tembea mia kwa dada yako."

Gaspari akaanza. Mama yangu! Sijawahi kuona mwanaume mrefu anatembea hatua ndogo vile, utadhani kavaa sketi ya kubana. Akafika nne, mzee akampiga fimbo ya matako.

"Rudia! Ulikuwa unatembea hivi siku ya kufuata bibi yako?"

Kicheko kikapasuka. Gaspari akarudia. Safari hii mzee alimfuata nyuma, anachechemea, suruali inaburuza, na wakawa wanahesabu wote, baba, kijiji, watoto waliokaa juu ya ukuta, mpaka mtu wa ofisi naye nikaona mdomo wake unacheza. Sabini. Sabini na sita, tukapita shimo la muyenzi wa kwanza. Themanini. Tisini. Gaspari akaanza kutembea kama anayepelekwa polisi. Tisini na tisa ikaishia kwenye mlango wa bati wa kijani. Akageuka kumwangalia baba yake.

"Fungua," mzee akasema. "Iko moja imebaki."

Hatua ya mia ya Gaspari iliangukia ndani ya choo chake mwenyewe.

Mzee alichoma muyenzi mpya nyuma ya choo, akafuta mikono kwenye koti nililomshonea, akanyooka. Tulisubiri "mia ni mia". Hakuisema. Alimwambia Vestina, kwa sauti ambayo sisi wa karibu tu tuliisikia, "Mwanangu, choo iko yako. Akitaka kuingia, abishe hodi." Na Maman, pale mlangoni na ndoo yake, hakukohoa.

Vestina amejenga. Vyumba viwili na baraza, mashine iko pale. Gaspari alibisha hodi miezi mitatu mpaka akachimba choo kingine, na sasa wanasalimiana vizuri tu.

Mzee hakuja dukani kwa majuma mengi. Nilidhani ameniacha, ameenda kwa yule fundi wa karibu na soko anayeshona mifuko iliyopinda. Kisha siku moja ya soko, karibu na adhuhuri, nikasikia fimbo inakuja kwa mbali, inachukua muda wake. Ilikuwa mara yake ya mwisho kushuka Kamembe kwa miguu yake, ingawa siku ile hatukujua, na mimi nilikuwa na hasira ndogo na maneno mengi niliyoyapanga kumwambia akija. Akafika mlangoni, akasimama, jasho kwenye paji. Kwapani alikuwa na suruali ile, imefuliwa, imekunjwa. Akagonga fimbo chini mara moja, akavuta pumzi, na mtaa mzima ukamsikia.

"Mia ine na kumi na moja!"

Nikamvutia kiti. Akakaa, akaniwekea suruali mezani, akanyoosha mguu wa kushoto mbele yangu.

"Sasa," akasema, "kata."